Kibogoyo wa Barazani

Siku ya tatu, kila mwaka, sura huanguka.
Pua inakunjika kuelekea mdomoni,
shavu la kushoto linabonyea
kama godoro lililozoea mtu mzito,
na zimwi tulilolinunua kwa dola kumi na mbili
linageuka kibogoyo anayetafuta meno yake.

Mwaka huu dada yangu Aune amekataa.
Kalilaza mezani, chali, kati ya birika na gundi,
kapandisha mikono ya sweta.
"Reino, lete magazeti."

Tulianza na kurasa za tanzia, ndizo anazozihifadhi.
Mzee Saarela akaingia kidevuni,
bibi wa duka la mikate akajaza paji,
lakini karatasi haijui mviringo:
uso ulitoka na pembe kama gunia la kuni.
Usiku theluji ikatangulia msimu wake,
ikapenya kupitia matundu ya macho.
Asubuhi kidevu kilikuwa uji.

Basi puto.
Nililipuliza mimi, kwa pumzi hizi za mvuta kiko,
na kwa saa mbili zimwi lilikuwa na mashavu
ya mtoto aliyetoka kunyonya.
Halikupasuka. Ningependa lipasuke.
Baridi ya Calumet ililishika tu, likanywea,
taratibu,
kama mtu anayekumbuka deni.

Kisha povu la kopo,
lile la kuzibia nyufa za madirisha.
"Kidogo tu," alisema Aune.
Povu halina kidogo!
Liliumuka likatokea machoni, puani,
likamiminika masikioni, likakamata kitambaa cha meza,
nasi tumesimama na mikono juu
kama walioshikwa wakiiba.
Tulilikata kwa kisu cha samaki.
Sura nyingine: dola kumi na tano sasa.

Aune hakuniita tena.
Alikata soksi zake ndefu za nailoni,
akapasua mto wa kochi, akashindilia pamba:
vifurushi viwili vya mashavu, kirefu cha kidevu,
na kwa pua, kidole cha glavu chenye mchele.
"Uso haujazwi," akanong'ona. "Hujazwa pahali pake."
Nikauliza, pahali gani?
Akatoa meno yake ya bandia, yote, juu na chini,
akayatia kwenye glasi,
na uso wa dada yangu ukashuka mbele yangu.
Akanionyesha kwa kidole: hapa. Na hapa.
Na hapa, chini ya mfupa, ndipo panapotangulia.
Akayarudisha. Akaendelea kushona.

Fuvu lilikuwa dumu la dawa ya kufulia,
shingo, mpini wa ufagio,
mwili, koti langu la kuwindia.
Likasimama barazani, limeshiba, limetuna,
halitikisiki hata upepo wa ziwani ukivuma.
Nikalipigia saluti.

Usiku wa maboga akaja mjukuu wa akina Pelkonen,
miaka sita, popo kwa mabawa ya mwavuli.
Akachukua pipi, akainua macho.
"Huyu nani?"
Zimwi, nikasema.
"Hapana. Huyu ni kama yule bwana wa benki."
Akafikiri kidogo, pipi shavuni.
"Wa mwaka jana alikuwa amekufa zaidi."
Akaruka ngazi, akaenda zake.

Aune alinyamaza mpaka saa tatu.
Nikamwona dirishani, na ndara zake, na joho la kulalia,
ameingiza mkono shingoni mwa zimwi hadi kwenye kiwiko,
anapapasa kama mkunga.
Akatoa furushi moja, la kushoto.
Shavu likazama.
Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa,
akaliangalia kwa muda mrefu kuliko baridi ilivyoruhusu.

Asubuhi niliikuta soksi kwenye kamba juu ya jiko,
imefuliwa, imetolewa pamba,
ingali na umbo la shavu.